Nusu Uniti ya Umeme: Ubongo na Mashine Zinazouiga

Chukua unga wa sembe gramu 115, chini kidogo ya nusu ya robo kilo. Nishati iliyomo humo inatosha kuendesha ubongo wa mtu mzima kutwa kucha: kuona, kusikia, kutembea bila kuanguka, kuota ndoto, kukumbuka deni la dukani kwa Mangi na kujifanya umelisahau. Kwa hesabu ya mita ya LUKU, hiyo ni nusu uniti. Ubongo una uzito wa kilo 1.4 hivi na hutumia takriban wati 20, sawa na chaja ya simu ile inayochaji haraka.

Sasa twende Kobe, Japani, mwaka 2013. Watafiti wa taasisi ya RIKEN na wenzao wa Jülich, Ujerumani, waliipa kazi kompyuta iitwayo K, mojawapo ya zilizokuwa na nguvu kuliko zote duniani wakati ule. Kazi yenyewe ilikuwa kuiga mtandao wa seli za neva, yaani niuroni, zipatazo bilioni 1.73, kama asilimia 2 ya zile alizonazo mtu kichwani. Zilitumika prosesa, yaani chipu za kupigia hesabu, 82,944. Sekunde moja ya maisha ya mtandao huo ilichukua dakika 40 kuigwa. Mashine ile ikikaza buti hula zaidi ya megawati 10, kwa hiyo sekunde ile moja ilimeza zaidi ya uniti 6,000. Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi ingekaa na umeme huo miaka 6 na ushee. Na niuroni hizo za kuigiza ziliunganishwa kwa kubahatisha, si kwa kufuata ramani ya kichwa cha mtu yeyote. Mtandao ule haukuwaza lolote.

Hapo watu hupiga makofi: ubongo umeshinda! Lakini simu iliyo mkononi mwako inazidisha namba mbili za tarakimu kumi kumi kabla hujapepesa jicho, na haikosei. Wewe ungehitaji kalamu, karatasi, na pengine chai. Basi nani mshindi? Nadhani swali lenyewe limekaa upande, na njia nzuri ya kuliona ni kuanza na kile ambacho kila mtu huanza nacho: kuhesabu.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo una niuroni bilioni 100. Namba ilinukuliwa na kunukuliwa tena, ila ukiuliza nani alihesabu, hupati jibu. Mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, akaamua kuhesabu kweli. Mbinu yake ilikuwa ya jikoni hasa: aliuyeyusha ubongo mpaka ukawa supu, akaikoroga vizuri ili viini vya seli visambae sawasawa, kisha akahesabu viini katika matone machache na kuzidisha. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalikuwa bilioni 86. Kati ya hizo, kama bilioni 69 zimo katika ubongo mdogo wa nyuma ya kichwa, unaosaidia kunyoosha mwendo wa mwili, na bilioni 16 tu ndizo zilizo katika gamba la juu, lile lenye mikunjo tunalolisifia kwa kufikiri.

Kisha ikaja supu ya tembo. Ubongo wa tembo wa Afrika ulikutwa na niuroni bilioni 257, mara tatu ya zetu, nyingi mno zikiwa katika ubongo mdogo. Kama ushindi ungekuwa wa idadi, tembo wa Selous ndio wangekuwa wanatuwekea sisi uzio.

Ukihesabu upande wa mashine, mambo hayawi bora. Chipu ya simu ya bei mbaya ina transista zaidi ya bilioni 15. Mtu akikwambia basi zikifika bilioni 86 simu itakuwa na akili kama ya mtu, mwulize anachofananisha ni nini na nini. Transista ni swichi: imefunguka au imefungwa, na imeshikamana na jirani zake wachache. Niuroni moja hupokea ujumbe kutoka kwa maelfu ya wenzake, kupitia viungio viitwavyo sinapsi, na kila kiungio kina nguvu yake: kimoja kinasukuma, kingine kinazuia, kimoja kilikuwa dhaifu jana na leo kimepata nguvu. Niuroni inajumlisha makelele yote hayo na kuamua: nipige au ninyamaze? Ikipiga, hutoa mshtuko mdogo wa umeme unaodumu kama elfu moja ya sekunde, kisha kimya.

Kwa kasi, ubongo ni wa kuaibisha. Prosesa ya kompyuta hupiga hatua bilioni 3 kwa sekunde. Niuroni ikijitahidi sana itapiga mara mia chache kwa sekunde, na nyingi hupiga mara moja moja tu. Ujumbe katika neva zenye kasi kuliko zote huenda mita 120 hivi kwa sekunde, hata nusu ya mwendo wa sauti hewani haufiki.

Halafu simu inaita. Mtandao mbovu, sauti inakatikakatika, unasikia neno moja tu, "Mwanangu", na tayari umejua ni mama, tena umejua kwamba kuna jambo. Nusu sekunde haijaisha. Ukigawa nusu sekunde hiyo kwa mwendo wa pole wa niuroni, utaona kwamba toka sikioni mpaka kutambua hakuna nafasi ya hatua zaidi ya mia hivi zinazofuatana. Programu ya hatua mia! Mwandishi wa programu yeyote atakwambia kwa hatua mia hufiki mbali. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kwa upana. Kila hatua inachukuliwa na mamilioni ya seli kwa pamoja, kila moja kwa neno lake dogo.

Hapa ndipo ilipo tofauti ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, na cha ajabu ni kwamba imejificha ndani ya neno tunalolitumia kila siku: kumbukumbu.

Mwaka 1943 huko Chicago, daktari wa neva Warren McCulloch na kijana Walter Pitts, mwanahisabati aliyejisomea mwenyewe, walichapisha makala wakionyesha kwamba niuroni, ukiirahisisha mpaka ibaki "ndiyo" au "hapana", inaweza kufanya kazi za mantiki. Waliirahisisha mno, na walijua. Miaka miwili baadaye mwanahisabati John von Neumann aliandika rasimu ya mpango wa kompyuta iliyoitwa EDVAC, akaijenga hoja yake juu ya makala hiyo. Sehemu za mashine akaziita viungo, kama vya mwili. Mahali pa kuweka data akapaita kwa neno la binadamu: kumbukumbu. Yaani kabla haijawa kawaida kuufananisha ubongo na kompyuta, kompyuta ilikuwa imeshafananishwa na ubongo. Baadaye wasomi wa ubongo wakalichukua neno lile lile na kulirudisha nyumbani likiwa limebadilika: wakawa wanasema kumbukumbu "zinahifadhiwa", "zinafunguliwa", kama mafaili. Ni kama kanga uliyomwazima jirani ikarudi na jina tofauti.

Katika mpango wa von Neumann, kumbukumbu iko huku, prosesa iko kule, na kati yao kuna njia. Mfikirie mpishi hodari ambaye jiko lake halina hata chumvi. Kila kitu kiko stoo ya ng'ambo ya barabara. Akitaka kitunguu, anavuka. Akitaka kisu, anavuka. Akimaliza kukata, anakirudisha kitunguu stoo kwanza, kisha anavuka tena kukifuata ili akikaange. Anakimbia mbio za ajabu, mara bilioni kwa sekunde, ndiyo maana hatuoni. Lakini sehemu kubwa ya jasho lake inaishia barabarani. Kompyuta za leo zinapata moto kwa sababu hiyo kwa kiasi kikubwa: umeme mwingi unaliwa na kuhamisha data, na kiasi kidogo tu ndicho cha hesabu yenyewe.

Ubongo hauna stoo. Ulichojifunza kimekaa katika nguvu za sinapsi zile zile zinazofanya kazi. Tazama mkeka wa rangi uliosukwa Pemba. Nakshi yake haikubandikwa juu. Imo katika namna miyaa ilivyopishana. Huwezi kuitoa nakshi ukaiweka kando na kubaki na mkeka mtupu, kwa sababu ukiifumua nakshi umeufumua na mkeka. Ndivyo ilivyo sura ya bibi yako kichwani mwako: haina droo yake. Na kila ukiikumbuka unausuka upya kidogo, ndiyo sababu watu wawili waliohudhuria msiba mmoja husimulia misiba miwili. Kiswahili kiliweka neno lenyewe kwenye tendo, kumbuka, kabla hakijaligeuza kuwa kitu. Kenya kompyuta wanaiita tarakilishi, na ndani ya jina hilo unasikia tarakimu na akili zikipigana vikumbo. Tanzania nayo ilipoupa mji wa Dar es Salaam jina la Bongo haikuwa na maana ya droo za mafaili: bongo ni za kuhangaikia maisha.

Waliojaribu kuuiga ubongo wamegawanyika njia mbili, na wengi wetu tunazichanganya.

Njia ya kwanza ni ya wanaotaka mashine ifanye ayafanyayo mtu, hata kama kwa ndani hazifanani. Mwaka 1958 Frank Rosenblatt wa Cornell, Marekani, alitangaza mashine inayojifunza, Perceptron. Iliyokuja kujengwa ilikuwa na macho 400 ya kunasa mwanga, na nguvu za viungio vyake zilikuwa vinobu hasa, vinavyozungushwa na mota kila ilipokosea. Magazeti yakaandika kwamba jeshi la wanamaji, lililotoa fedha, lilitarajia itembee, iseme, ione, na ijitambue. Kumbe ilitenganisha maumbo mepesi tu. Mwaka 1969 Marvin Minsky na Seymour Papert wakaonyesha kwa hesabu mambo ambayo mashine yenye tabaka moja tu la viungio haiwezi kamwe, na wafadhili wakapoa. Uhai ulirudi mwaka 1986 pale David Rumelhart, Geoffrey Hinton na Ronald Williams walipoeleza namna ya kufundisha mtandao wa tabaka nyingi kwa kulirudisha kosa nyuma, tabaka kwa tabaka, kila kiungio kikigawiwa sehemu yake ya lawama. Mwaka 2012 mtandao wa aina hiyo, uliofundishwa kwa picha milioni 1.2, ukawaacha mbali washindani wake katika kutambua vitu pichani. Kutoka hapo ndipo ilipotokea hii tunayoiita akili unde, au akili mnemba, kutegemea umezoea lipi.

Mitandao hii inaitwa ya "neva", lakini undugu huo ni wa mbali, kama wa binamu uliyeambiwa yupo hujawahi kumwona. Hakuna aliyeonyesha kwamba ubongo hujifunza kwa kulirudisha kosa nyuma kwa namna ile. Na niuroni zake si seli wala waya. Ni namba kwenye kompyuta ya yule yule mpishi anayevuka barabara. Ndiyo maana zinameza umeme.

Zinameza maneno pia. GPT-3, programu ya kuandika ya mwaka 2020, ilifundishwa kwa vipande vya maneno bilioni 300. Watafiti wa lugha hukadiria kwamba mpaka anafikisha miaka 13 mtoto amesikia maneno yasiyofika milioni 100. Na mtoto wa miaka mitatu pale Tanga anasema "kiatu changu kimepotea", upatanisho wa ngeli umenyooka, hakuna aliyemwandikia KI-VI ubaoni. Haki ya mashine tuiseme pia: mtoto huyo hawezi kukuandikia barua ya kuomba kazi kwa Kireno.

Njia ya pili ni ya wanaotaka kuiga umbo lenyewe. Jina lake kuu mwanzoni ni Carver Mead wa California, aliyeanza miaka ya 1980 kujenga chipu zinazofanya kazi kwa mtindo wa neva, kumbukumbu na hesabu zikikaa pamoja. Mwaka 2014 IBM ilitoa chipu ya TrueNorth: transista bilioni 5.4, niuroni za kuiga milioni 1, sinapsi milioni 256, na ulaji wa umeme wa miliwati 70 hivi. Hiyo ndiyo lugha ambayo ubongo ungeielewa. Siri yake kubwa ni ukimya. Kompyuta ya kawaida ni kama kwata, ngoma ikipigwa wote wanainua mguu, wenye kazi na wasio na kazi. Chipu hizi, kama ubongo, ni baraza la wazee: anayesema ni mwenye neno, wengine wametulia, na aliyetulia karibu hali kitu. Kasoro ya TrueNorth ni kwamba kufundishwa ilifundishwa nje, kwenye kompyuta za kawaida, kisha ikamiminiwa maarifa yaliyokwisha kuiva. Loihi ya Intel, iliyofuata mwaka 2017, ilipewa uwezo wa kubadili viungio vyake yenyewe ikiwa kazini. Mwaka 2024 chipu 1,152 za kizazi chake cha pili ziliunganishwa katika mtambo mmoja unaoitwa Hala Point, ukapelekwa maabara ya Sandia, Marekani. Una ukubwa wa maikrowevu, una niuroni bilioni 1.15, na hauzidi wati 2,600. Ukilinganisha na ile K ya Kobe, hatua ni ndefu. Ukilinganisha na unga gramu 115, bado.

Katika kundi hili ninayempenda ni Steve Furber wa Manchester. Unamjua bila kujua: mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa kampuni ya Acorn, yeye na Sophie Wilson walibuni prosesa ya kwanza ya ARM, babu wa zile zilizomo karibu katika kila simu ya mkononi. Husimuliwa kwamba chipu ya kwanza ilipofika mwaka 1985 waliiwasha, ikafanya kazi, lakini kipimo cha umeme kilisoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaendeshwa na umeme kidogo uliovuja kupitia waya za ujumbe. Mtu wa ubahili wa namna hiyo ndiye aliyefaa kuuiga ubongo. Mwaka 2018 aliwasha SpiNNaker, mashine ya prosesa milioni 1 za ARM zinazorushiana vijumbe vidogo kama niuroni zinavyopigiana. Ilikusudiwa kuiga niuroni hadi bilioni 1 kwa mwendo halisi, sekunde kwa sekunde. Na hata hiyo, ya mikono ya mtu aliyetengeneza chipu inayoendeshwa na umeme wa kuvuja, hula hadi kilowati 100.

Wapo waliopiga kelele zaidi. Mtafiti wa ubongo Henry Markram alisema mwaka 2009 kwamba ubongo wa mtu unaweza kujengwa ndani ya miaka 10. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ukaanzisha mradi alioupigania, Human Brain Project, mwaka uliofuata mamia ya wanasayansi wakasaini barua ya kuulalamikia, na mradi ukafungwa mwaka 2023 bila ubongo. Uliacha ramani na vifaa vizuri, ila ahadi ile haikutimia.

Kwa nini? Fedha zilikuwepo, mashine zilikuwepo. Jibu linatoka kwa kiumbe mdogo asiyefika hata urefu wa nukta mbili za kalamu: mnyoo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, milimita 1. Ana niuroni 302, basi. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alimchagua kwa udogo huo, na kikundi chake cha Cambridge kilimkata vipande vyembamba mno, kikavipiga picha, kikafuata kila uzi kwa jicho na kalamu kwa zaidi ya miaka 10. Ramani ya waya zake ikachapishwa mwaka 1986. Simu ya tochi ina nguvu ya kuhesabu kuliko inayohitajika kwa seli 302. Miongo imepita, vikundi kadhaa vimejaribu, na bado hatujapata programu inayofanya yote ayafanyayo mnyoo huyo.

Ramani ilionyesha nani ameungana na nani. Haikusema kiungio kipi kina nguvu, kipi kinasukuma na kipi kinazuia. Haikuonyesha kemikali zinazoelea kati ya seli na kuufanya mtandao ule ule uwe wa kutafuta chakula saa hii na wa kulala saa ijayo. Ukipewa ramani ya barabara zote za Dar utajua njia ya Kariakoo. Hutajua foleni ya leo, wala kwa nini Jumapili hakuna foleni. Mashine zetu tayari zina ukubwa wa kumbeba mnyoo, tena mara mamilioni. Kinachokosekana ni kujua ndani ya seli kipi ni cha lazima kuigwa na kipi ni maji tu.

Ramani zenyewe zinaendelea kukua. Mwaka 2024 ilitoka ya nzi wa matunda aliyekomaa, niuroni 139,255 na sinapsi zaidi ya milioni 50. Mwaka huo huo watafiti wa Harvard na Google walichapisha kipande cha ubongo wa mtu, milimita moja ya ujazo, nusu ya punje ya mchele, kilichotolewa wakati wa upasuaji wa mgonjwa wa kifafa. Kulikuwa na seli kama 57,000 na sinapsi kama milioni 150. Picha zake zilijaza petabaiti 1.4, ungehitaji simu kama 11,000 za GB 128 kuzibeba.

Walipokuwa wakizipitia picha hizo, waliona nyuzi za niuroni zilizojiviringa zenyewe, mzunguko juu ya mzunguko, kama ukili uliokunjwa ukingoja kushonwa. Hazikuwa nyingi. Kazi yake haijulikani, na hakuna mashine yoyote kati ya nilizozitaja iliyozitia hesabuni.